Binti amepata mimba akiwa shuleni: tuanzie wapi, mzazi na mwalimu?

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya kata, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Cheo hiki sikukiomba. Nilipewa kwa kuwa mwaka nilioripoti nilikuwa mwalimu wa kike peke yangu.

Mwaka wangu wa pili nilikosea vibaya. Binti wa kidato cha pili alikuwa amebadilika, na baada ya kumbana kidogo akaniambia ukweli. Nikaandika barua ya kumwita mzazi, nikaitia kwenye bahasha, nikampa yeye mwenyewe apeleke nyumbani. Barua haikufika, na yeye hakufika. Alipanda gari akaenda kwa ndugu zake upande wa Nguruka, na habari zake nilizipata miezi saba baadaye, akiwa ameshajifungua na kuozwa. Tangu siku hiyo sitoi barua. Naenda mwenyewe, kwa miguu au kwa bodaboda, na binti nakuwa naye.

Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza tangu hapo, kwa mzazi na kwa mwalimu. Ukiwa Tabora, kule Urambo au Kaliua, mengi ni yale yale. Kwenye chakula tu, penye muhogo weka michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

Siku tatu za kwanza

Usimpige, usimfukuze, na usimuulize mbele za watu. Ukimfungia ndani pia umekosea. Hizi ndizo siku ambazo binti hutoroka, hunywa dawa za kienyeji alizoelekezwa na rafiki, au hununua vidonge kwa kificho dukani akitaka kuitoa. Wapo waliotokwa damu nyingi usiku kucha, nao wanaona haya kumwamsha mama. Kwa hiyo asilale peke yake. Mwekee dada, shangazi au bibi chumba kimoja. Akianza kusema maneno ya kujiua, yachukulie kweli. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, upate wa kuzungumza naye.

Maswali ya kumuuliza ni matatu tu, na uyaulize mkiwa wawili. Hedhi ya mwisho aliona lini? Nani mwingine anajua? Alilazimishwa, au bado anatishwa na mtu? Jina la mwanaume usilianzie hapo. Ukilianzia, atafunga mdomo na hutasikia mengine.

Kama alibakwa na bado hazijapita saa 72, hapo hakuna tena habari ya kusubiri mimba ionekane. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na ya kuzuia mimba, na fomu ya PF3 ichukuliwe polisi. Akiwa anatokwa damu au amejeruhiwa, nendeni hospitali kwanza, fomu itafuata.

Tarehe ya hedhi ndiyo kalenda yenu

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Aliyeona hedhi tarehe 10 Machi anatarajia kujifungua karibu na tarehe 17 Desemba. Mara moja mna mpango: upimaji wa kidato cha pili, ambao kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Oktoba na Novemba, utamkuta katika wiki ya 34 hivi. Anaweza kuufanya. Tumbo litakuwa kubwa, atahitaji kiti kisichobana na ruhusa ya kwenda chooni, lakini kichwa chake ni kile kile. Bila tarehe hiyo watu hubaki wanasema "hali yake hairuhusu" tangu Aprili, na mwaka mzima unapotea.

Kama hakumbuki, na wengi hawakumbuki, muuguzi atakadiria kwa kupima tumbo, au mkaombe kipimo cha ultrasaundi kwenye kituo cha afya chenye mashine.

Kliniki: nenda naye, na nenda mapema

Mabinti wengi nilioshughulika nao walianza kliniki mwezi wa sita au wa saba. Sababu hazikuwa umbali wala fedha. Huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera. Tatizo ni lile benchi.

Hebu lione benchi lenyewe. Saa mbili asubuhi, wanawake kumi na wanane wamekaa nje ya zahanati, wengi wana mimba ya tatu au ya nne. Binti wa miaka 16 anaingia, kanga ameivaa juu ya sketi ya shule maana hana nguo nyingine ya kutokea. Wote wananyamaza. Muuguzi anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hana nia mbaya: "Mume yuko wapi?" Siku hiyo binti wangu alisimama akataka kuondoka. Nilimshika mkono, nikamwambia muuguzi, "Dada, huyu ni mtoto wangu, nimekuja naye mimi." Yule dada akaelewa, akatuingiza chumba cha ndani.

Kuanzia hapo nimejifunza kupita zahanati jana yake. Namsalimu muuguzi, namwambia kesho nitaleta mwanafunzi, tutakuja saa saba watu wakipungua. Sijawahi kukataliwa. Kuna sehemu wataomba barua ya mwenyekiti wa kijiji kwa asiye na mwenza. Kwa binti wa shule barua hiyo maana yake ni kijiji kizima kujua kabla ya jioni. Sema kwa upole kwamba kukosa mwenza hakumnyimi mtu huduma, na wewe mlezi upo.

Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki ya 12, na kwa ujumla mahudhurio ni manane hadi kujifungua. Siku ya kwanza watampima presha, mkojo, wingi wa damu, VVU, kaswende na malaria, watapima uzito na kimo, watamchoma sindano ya pepopunda na kumpa neti. Kadi atakayopewa ina sehemu ya vidokezo vya hatari. Umri wake mdogo ni kimoja. Kimo chini ya sentimita 150 ni kingine, kwa sababu nyonga inaweza kuwa finyu. Akiwekewa alama hizo, maana yake asijifungulie zahanati ya kijijini. Aende kituo cha afya chenye upasuaji au hospitali. Soma kadi hiyo mwenyewe, usisubiri usomewe.

Dawa ni mbili za kufuatilia kwa karibu. Ya kwanza ni vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Vinaleta kichefuchefu na choo cheusi, kwa hiyo mabinti huvitupa. Mwambie avimeze usiku baada ya kula, na choo cheusi kisimtishe. Ya pili ni SP ya kukinga malaria, inayoanza mwezi wa nne na kurudiwa kila baada ya wiki nne au zaidi, angalau mara tatu, na anaimeza pale pale mbele ya muuguzi. Kigoma na Tabora malaria ni nyingi, na malaria kwenye mimba ya kwanza hula damu ya mama na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP. Muuguzi ataliona hilo kwenye kadi.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Ugali wa muhogo peke yake ni shibe tu. Uwekee dagaa, maharage, kisamvu au matembele yaliyoungwa kwa mawese, na chungwa baadaye. Chai isinywewe na mlo, maana inazuia madini ya chuma. Angoje kama saa moja. Na ukimkuta anatafuna udongo, usimcheke. Mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, kamwambie muuguzi.

Dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Kutokwa damu ukeni hata kidogo. Kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu au nyota. Kuvimba uso na mikono. Degedege. Homa kali. Maumivu makali ya tumbo. Maji kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza.

Hili la kichwa na kuvimba uso nalirudia kwa sababu hapa kwetu degedege la mjamzito bado kuna watu hulipeleka kwa mganga. Ni kifafa cha mimba, kinatokana na presha kupanda, na mimba ya kwanza kwa binti mdogo ndiyo inayokipenda zaidi. Kinatibiwa hospitali kwa sindano, na kila saa inayopotea ni hatari kwa wote wawili. Piga 115, namba ya bure ya m-mama. Watauliza uko kijiji gani na hali ikoje, kisha watatuma gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa. Andika namba hiyo ukutani kwa mkaa kama huna kalamu.

Mwanaume na sheria

Hapa ndipo wazazi hunichukia. Baba wa binti hupenda yaishe nyumbani: ng'ombe wawili, au laki kadhaa, au "amuoe tu". Lakini Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na anayesaidia mambo hayo naye ana kesi. Zaidi ya hapo, kwa binti aliye chini ya miaka 18, kusema "alikubali" hakumsaidii mwanaume.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kama polisi kunakutia hofu. Kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha binti vinatosha kuanzia. Angalizo langu moja: kesi isimle binti. Nimeona mtoto akiitwa mahakamani mara sita, kila mara akikosa siku mbili za masomo, kisha shahidi mkuu akahongwa. Mwombe Afisa Ustawi awe naye, na ratiba ya mahakama mkuu wa shule aijue.

Mhalifu akiwa baba wa kambo, mjomba au mwalimu, binti ahamishwe nyumba siku hiyo hiyo. Mengine yatafuata.

Miezi ya tumbo: daftari lisikauke

Kwa mazoea ya shule nyingi, binti huondoka tumbo likionekana. Kaa na mkuu wa shule mapema mkubaliane atasoma mpaka lini na atakapokuwa nyumbani atapataje kazi. Mimi humtafuta rafiki yake mmoja, wa kweli, anayepita karibu na kwao. Huyo hubeba madaftari: Ijumaa anapeleka notsi za wiki, Jumatatu anarudisha mazoezi yaliyofanywa. Hesabu na Kiingereza ndiyo ya kung'ang'ania, mengine atayakamata. Daftari likirudi tupu wiki mbili mfululizo, jua kuna jambo nyumbani. Nenda.

Nani atabaki na mtoto?

Swali hili naliuliza siku ya kwanza ninapokanyaga nyumbani kwao, na watu hushangaa, maana mimba yenyewe bado ni ya miezi mitatu. Lakini mabinti wangu wanne ambao ruhusa ya kurudi waliipata na bado hawakurudi, wote walikwama hapa. Barua ya mkuu wa shule wanayo. Sare wanayo. Saa moja asubuhi ikifika, hakuna mikono ya kumpokea mtoto.

Mara nyingi jibu ni bibi. Bibi mmoja kijijini kwetu nilimkuta anapura maharage. Nilimwamkia, akaitikia kwa makofi kama ilivyo desturi yetu Waha, akanipa kigoda. Nikamweleza. Akaendelea kupura, kisha akasema:

"Mwalimu, mtoto nitamlea. Wangu niliwalea wanane. Ila shamba langu la muhogo utalima wewe?"

Nilikuwa nimekwenda kumwomba huruma. Yeye alikuwa anafanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Tulikaa na mama wa binti tukapanga: Jumamosi nzima binti na mdogo wake watalima shamba la bibi; mama atatoa sabuni na kilo moja ya sukari kila mwezi; msimu wa kupanda, wiki mbili, mama mwenyewe atakaa na mtoto. Tukaandika kwenye karatasi ya daftari, bibi akatia dole gumba. Binti yule yuko kidato cha nne sasa. Fanyeni hesabu kama hiyo, msiishie kwenye "Mungu atasaidia". Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF iweke sehemu ya ruzuku kwa ajili hiyo.

Kama bibi anaishi karibu na shule, ni heri kuliko nyumbani kwao. Mapumziko ya saa nne binti anakimbia, ananyonyesha, anarudi. Omba ruhusa ya geti kwa mkuu wa shule, kwa maandishi, ili mlinzi asimzungushe.

Kama ni mbali, ajifunze kukamua. Ananawa mikono kwa sabuni, anakamulia kwenye kikombe kilichochemshwa chenye kifuniko, kinawekwa kivulini. Kwa joto letu maziwa hayo yasikae zaidi ya muda wa saa nne tangu kukamuliwa. Bibi amnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa, maana chuchu za chupa hazisafishiki vizuri na mtoto ataharisha. Maziwa ya mama pekee yanatosha hadi miezi sita, wala maji hayahitajiki, ingawa bibi atakubishia. Mwachie muuguzi abishane naye. Binti mwenye VVU ananyonyesha pia, mradi anameza dawa zake kila siku na mtoto anapewa zake.

Kujifungua

Kuanzia wiki ya 37 begi liwe tayari: kanga tatu, pamba, sabuni, nguo za mtoto, kadi. Wanaokaa vijiji vya mwambao wa ziwa kama Kagunga au Kalya wasingoje uchungu. Boti haiondoki upepo ukivuma. Aje mjini wiki mbili tatu kabla akae kwa ndugu, au kwenye jengo la akina mama wanaosubiri kujifungua pale hospitali ilipo nalo.

Uchungu ukizidi muda wa saa 12 bila mtoto kuzaliwa, hapo si pa kumwambia avumilie. Uchungu pingamizi ndio huleta fistula. Na kama baada ya kujifungua mkojo unavuja bila yeye kujua, msimfiche ndani. Inatibika kwa upasuaji; hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huufanya bure.

Baada ya hapo kuna mahudhurio ya mama: ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Hilo la siku ya 42 ndilo la kuzungumzia uzazi wa mpango. Wazazi hukunja uso. Mimi huwaambia kwamba kijiti au sindano si ruhusa ya kufanya lolote, na kwamba mimba ya pili kabla ya kumaliza kidato cha nne ndiyo nimeona inafunga mlango kabisa. Binti aulizwe yeye anataka nini, muuguzi amweleze njia zote, na mama atoke nje kidogo.

Kurudi

Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo pia mbunge wetu wa Kasulu Mjini, ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Unaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurejea kwenye mfumo rasmi. Mwalimu mkuu akikuambia "huyu alishafutwa", mtajie waraka huo kwa namba yake. Akiendelea kusita, panda kwa Afisa Elimu wa halmashauri. Anayetaka shule nyingine kwa sababu ya maneno ya watu aombe uhamisho kupitia huko huko.

Asiyeweza kukaa darasani kutwa nzima ana njia nyingine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari kwa njia mbadala, ya miaka miwili badala ya minne. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama cha Kasulu na cha Urambo, huchanganya masomo na ufundi, na vingi hupokea mama pamoja na mwanawe. Ni njia nzuri, ila mwalimu asiitumie kama jalala la kumtupia binti aliyetaka kurudi kwenye dawati lake.

Wiki ya kwanza shuleni iandalie mambo madogo. Sketi ya zamani haitamtosha. Maziwa yatavuja kwenye shati jeupe, kwa hiyo awe na kitambaa kilichokunjwa ndani na sweta hata jua likiwaka. Akae karibu na mlango. Walimu wenzangu, yule anayemwita "mama fulani" kwa utani mbele ya darasa, mvute pembeni siku hiyo hiyo. Chanjo za mtoto ni wiki ya 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Siku hizo mwalimu wa darasa azijue mapema ili zisihesabiwe utoro.

Na angalia siku mtoto atakapougua kwa mara ya kwanza. Mabinti wengi ninaowapoteza mara ya pili nawapoteza wiki hiyo: mtoto ana homa, mama yake anakaa nyumbani siku tatu, siku ya nne anaona haya kurudi. Kubalianeni kabla nani atampeleka mtoto zahanati na nani atakuja kutuarifu. Namba ya simu ya bibi, au ya jirani yake mwenye simu, mimi naiandika kwa penseli nyuma ya daftari la mahudhurio, na siku ya pili jina lisipoitikiwa, napiga kabla ya kipindi cha kwanza.